Charles, Robert na Guy Fawkes: Uchambuzi wa Kisa cha Watu Wawili Wanaodai Kuwa Mmoja

Katika makala iliyotoka kwenye juzuu la 1956–57 la mijadala ya Aristotelian Society, chama cha wanafalsafa cha London, mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams alibuni kisa kifupi ambacho wanaojadili suala la mtu kubaki yule yule wanakirejea hadi leo. Mtu wa zama zetu aitwaye Charles anaamka akiwa na tabia mpya kabisa. Maisha yake ya jana hayatambui kuwa yake, na anashikilia kuwa yeye ni Guy Fawkes, yule askari Mkatoliki aliyekamatwa usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605 chini ya Baraza la Malodi, Westminster, akilinda mapipa 36 ya baruti yaliyokusudiwa kulipua Bunge la Uingereza. Anasimulia aliyoyaona na kuyatenda Fawkes. Kila linaloweza kulinganishwa na nyaraka linakutwa kuwa sahihi, na yale yasiyoweza kuhakikiwa yanakaa vizuri pale ambapo wanahistoria walikuwa na pengo.

Williams hakueleza kwa kirefu Charles anakumbuka nini hasa, lakini inafaa tuwape wakaguzi kazi ya kweli, kwa sababu nguvu ya kisa iko katika mambo madogo madogo. Tuseme wanamuuliza alikuwa na nini mwilini alipopekuliwa, naye anajibu bila kusita kuwa alikuwa na saa pamoja na tambi za kuwashia baruti. Wanamuuliza alitaja jina gani, anasema alijiita John Johnson, mtumishi wa Thomas Percy, mmoja wa wenzake katika njama hiyo. Kisha wanampa kalamu. Anaandika “Guido”, jina alilolitumia Fawkes tangu enzi za kupigana upande wa Wahispania huko Flanders, na mwandiko wake ni imara. Wanapomwambia aandike kama alivyoandika mara tu baada ya kuteswa katika ngome ya Tower of London, mkono unalegea na herufi zinatoka hafifu na kukatika, zikifanana na zile ambazo bado zinaonekana kwenye karatasi ya maungamo yake. Mwisho wanamuuliza kuhusu tarehe 31 Januari 1606, siku ya kunyongwa, naye anasema anakumbuka ngazi na kamba, na baada ya hapo hakumbuki kitu. Nyaraka zinasema shingo ya Fawkes ilivunjika pale pale, kwa hiyo hata ukimya wake unakubaliana na historia.

Kama kisa kingeishia hapo, wengi wangeshawishika. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika toleo la pili la kitabu chake kikuu lililotoka mwaka 1694, alishafundisha kuwa kinachomfanya mtu wa leo awe yule wa jana ni fahamu inayorudi nyuma na kuyashika matendo ya jana kuwa yake, wala si nyama na mifupa. Roho ya mwana wa mfalme ikiingia katika mwili wa fundi viatu pamoja na kumbukumbu zake zote, Locke anaona kuwa anayeamka ni mwana wa mfalme, hata kama majirani wataendelea kumwita fundi viatu. Kwa kipimo hicho Charles amefaulu mtihani, na tunapaswa kumpa jina analolidai.

Ndipo Williams anapomwingiza Robert. Charles ana ndugu yake, na asubuhi hiyo hiyo ndugu huyo ameamka akidai mambo yale yale. Saa anaikumbuka, tambi anazikumbuka, jina la uongo analijua, na akipewa kalamu anaandika “Guido” zote mbili, ile imara na ile iliyokatika. Hakuna swali ambalo mmoja analijibu vizuri kuliko mwenzake.

Tatizo linalozuka ni la mantiki tupu, wala halitegemei imani yoyote kuhusu roho au ubongo. Ikiwa Charles ndiye Fawkes, na Robert ndiye Fawkes, basi Charles ndiye Robert, jambo ambalo ni uongo ulio wazi, kwa kuwa Charles anaweza kuwa amelala wakati Robert yuko mezani anakula, na mmoja akifinywa mwenzake hasikii. Wote wawili hawawezi kuwa Fawkes. Kusema kuwa mmoja ndiye na mwingine anamfanana tu ni kutamka maneno matupu, kwa sababu hakuna jambo hata moja la kutuelekeza tumchague nani. Linalobaki ni kusema kuwa hakuna aliye Fawkes kati yao: wote wawili, kwa namna tusiyoijua, wamefanana naye, au wamepewa uwezo wa ajabu wa kuyaona maisha yake ya zamani. Williams akaongeza hatua ya mwisho, ambayo ndiyo iliyozua ugomvi. Ikiwa hayo ndiyo maelezo bora wakiwa wawili, basi yalikuwa maelezo bora hata Charles alipokuwa peke yake, na kumbukumbu pasipo mwendelezo wa mwili hazitoshi kumfanya mtu yeyote kuwa mtu yule yule.

Hatua hiyo ya kutoka wawili kurudi kwa mmoja inahitaji kutazamwa kwa makini. Anayefahamu migogoro ya ardhi atakuwa ameona kiwanja kimoja chenye hati mbili, kila moja ina mhuri na saini, na kila mwenye hati amekuja na mashahidi wake. Kutokea kwa hati ya pili hakuthibitishi kuwa ile ya kwanza ni ya kughushi. Kunachothibitisha ni kwamba karatasi peke yake, hata ikiwa safi namna gani, haitoshi kumaliza kesi, na kwamba ni lazima kwenda masijala kufuata nani alimuuzia nani na kwa njia gani. Robert anafanya kazi ya hati ya pili. Ujio wake haubadilishi chochote ndani ya Charles, ila unatufichulia kuwa mtihani tuliompa Charles ulikuwa unapima kufanana, na kufanana kunaweza kutokea mara mbili, mara kumi au mara elfu, ilhali kuwa mtu fulani hakuwezi.

Wapo waliojaribu kumwokoa Charles kwa kusema kuwa idadi ya wadai ndiyo inayoamua. Mwanafalsafa Mmarekani Robert Nozick, katika kazi aliyoitoa mwaka 1981, alitetea rai kuwa anayeendeleza maisha ya mtu kwa ukaribu kuliko mwingine yeyote ndiye mtu huyo. Wakitokea wawili walio sawasawa, hakuna hata mmoja aliye yeye. Rai hiyo inazima mgongano wa kimantiki, lakini kwa gharama ambayo mimi siwezi kuilipa. Chukulia kuwa Charles ameamka Jumatatu, na Robert akaamka Jumatano katika mji wa mbali ambako hakuna anayemjua Charles. Kwa mujibu wa Nozick, Charles alikuwa Fawkes siku mbili, kisha akaacha kuwa Fawkes kwa sababu ya jambo lililotokea ndani ya kichwa cha mtu mwingine, umbali wa mamia ya kilomita, bila yeye kuhisi wala kupoteza kitu chochote. Ikiwa mimi nimenusurika au sikunusurika, jambo hilo lapaswa kutegemea mimi na yule wa jana na kilichotuunganisha, wala si kama kuna wa tatu aliyeketi mahali nisipopajua. Katika hilo Williams aliona sawasawa, na nadhani ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa hiki.

Hata hivyo, hoja yake inakata pande zote mbili. Mwaka 1960 mwanafalsafa Robert Coburn alimjibu kuwa ikiwa uwezekano wa kutokea wawili unaziangusha kumbukumbu, unapaswa kuuangusha mwili pia, kwa maana miili nayo inaweza kufikiriwa ikigawanyika, kama amiba inavyogawanyika ikawa amiba mbili. Williams alijibu mwaka huo huo, na jibu lake lina thamani kubwa kuliko makala ya kwanza. Anasema mwili ukigawanyika, mtu akiufuatilia hatua kwa hatua atalikuta tukio lenyewe la kugawanyika. Liko katika historia ya kitu hicho, na mwenye kuijua historia yote hawezi kulikosa. Kwa Charles na Robert hakuna cha kufuatilia. Tangu ngazi ile ya Westminster mwaka 1606 hadi asubuhi walipoamka kuna pengo la karne tatu na nusu, na pengo hilo halina uzi wowote, uwe wa mwili, wa ubongo, wa maandishi waliyoyasoma au wa mtu aliyewasimulia.

Kwa maoni yangu hapo ndipo kisa chote kinapofunguka, na panaonyesha kuwa Williams alilaumu kitu kisicho na kosa. Alidhani Charles ameshindwa kwa sababu hana mwili wa Fawkes. Ninavyoona mimi, Charles ameshindwa kwa sababu alicho nacho hakikutoka kwa Fawkes. Picha ya ngazi iliyomo kichwani mwake inafanana na aliyoyaona Fawkes, lakini haikusababishwa na macho ya Fawkes kuiona ngazi hiyo. Imezuka tu, na kufanana kwake ni bahati au muujiza. Kumbukumbu isiyotokana na tukio si kumbukumbu, hata ikiwa sahihi hadi herufi ya mwisho. Kwa hiyo Charles hakuwa Fawkes hata kabla Robert hajaamka, na hakuhitaji kuondolewa na Robert. Ukimpa Charles njia halisi inayomfikisha nyuma hadi kwa Fawkes, kisa kinakuwa kingine kabisa, na hukumu ya “hakuna aliye yeye” inapoteza urahisi wake.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaamini ufufuo, wawe Waislamu au Wakristo, na suala hili linawagusa moja kwa moja, kwani anayefufuliwa asipokuwa yule aliyekufa, hesabu ya matendo inamwangukia mtu asiyehusika. Inapendeza kuona kuwa mapokeo ya dini zote mbili hayakuliacha pengo hilo wazi. Hadithi ya Mtume iliyopokewa na Bukhari na Muslim inasema mwili wote wa mwanadamu huoza isipokuwa mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo, yaani kifandugu, na kutokana na huo ataundwa upya Siku ya Kiyama. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anatumia mfano wa mbegu inayozikwa na kinachoota kutokana nayo. Sisemi kuwa mafundisho hayo yalikusudiwa kujibu wanafalsafa wa London. Nasema tu kuwa yote mawili yanataka kiwepo kitu kinachopita kutoka kwa aliyezikwa hadi kwa aliyeinuka, na hicho ndicho kinachokosekana kati ya Fawkes na Charles.

Sasa tuiweke njia hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Los Angeles, madaktari Philip Vogel na Joseph Bogen waliwapasua wagonjwa wa kifafa kikali na kukata mkanda wa neva unaounganisha nusu mbili za ubongo. Roger Sperry, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981 kwa utafiti wake juu ya nusu hizo, pamoja na wenzake, aliwapima wagonjwa wa aina hiyo. Mgonjwa akiwekewa kitu katika mkono wa kushoto nyuma ya pazia, alishindwa kukitaja jina, maana kwa watu wengi usemaji uko upande wa kushoto wa ubongo, na mkono wa kushoto hupeleka habari zake upande wa kulia. Lakini akiambiwa akitafute kwa kupapasa kati ya vitu vingine, mkono ule ule uliokuwa “haujui” ulikichukua bila kukosea. Kwa upande mwingine, wapo watoto walioondolewa takriban nusu nzima ya ubongo kwa sababu ya kifafa, wakakua na kuendelea na maisha yao. Kutokana na mambo ya namna hii wanafalsafa David Wiggins mwaka 1967, na Derek Parfit katika makala yake ya 1971, walijenga kisa kilichoimarishwa: nusu moja ya ubongo wa mtu inapandikizwa katika mwili mmoja, nusu ya pili katika mwili mwingine, na wote wawili wanaamka wakimkumbuka aliyekuwepo.

Hapa ndipo Charles na Robert wanarudi wakiwa na hati zenye historia. Kila mmoja anaweza kufuatwa nyuma bila kukatika, na tukio la kugawanyika linaonekana wazi, kama Williams alivyotaka. Mantiki haijabadilika: hawawezi kuwa mmoja. Ila kusema kuwa mwenye ubongo amekufa ni jambo gumu mno kulikubali, kwa sababu ingepandikizwa nusu moja tu na ile nyingine ikaharibika, tungesema bila wasiwasi kuwa amepona. Parfit alihoji inakuwaje upasuaji uliofaulu mara mbili uhesabiwe kuwa msiba. Jibu lake ni kwamba mtu amepata kila alichokitaka katika kunusurika, ila hawezi kusema ni yupi kati ya wale wawili, na kwa hiyo kuwa mtu yule yule silo jambo tulilopaswa kulijali tangu mwanzo.

Mwanafalsafa David Lewis, mwaka 1976, alijaribu kuukwepa uamuzi huo kwa kusema watu wawili walikuwepo tangu awali, wakishiriki mwili mmoja hadi siku ya kuachana. Ni hesabu safi, na sidhani kama kuna mgonjwa anayeweza kuiishi.

Kuhusu jibu la Parfit, naona ni kweli nusu, na nusu iliyobaki inategemea ni jambo gani tunaloulizia. Mtu akiambiwa kabla ya upasuaji kuwa kila mmoja wa wale wawili atateswa kesho, ana sababu ya kuogopa maumivu ya wote wawili, na hofu hiyo haipungui kwa kuwa wako wawili. Hatia ni hivyo hivyo. Kama Fawkes angegawanywa gerezani kabla ya hukumu, nisingeona udhalimu katika kuwalaumu wote wawili kwa baruti ile, maana kila mmoja anakumbuka, kwa njia halali, alivyoipanga. Kwa upande wa deni mambo yanabadilika. Mdai aliyekopesha paundi 100 hawezi kudai 200 kwa sababu mdaiwa wake amegawanyika. Nyumba haiwi mbili, na ndoa iliyofungwa na mtu mmoja haiwezi kutekelezwa na wawili bila mke kuulizwa. Haya ni mambo yanayohitaji mmoja, na katika hayo swali la “ni nani hasa?” haliondoki kwa kuambiwa kuwa halina umuhimu, litaamuliwa na sheria au na mapatano, kwa kuwa hakuna ukweli wa ndani unaoweza kuliamua. Parfit aliyatazama zaidi matarajio ya mtu juu ya nafsi yake, ambayo yanaweza kugawanyika, akayapa nafasi ndogo mambo yanayotufunga na wengine, ambayo hayagawanyiki.

Kipo kisa kimoja zaidi cha Parfit, cha mwaka 1984, ambacho mara nyingi husimuliwa pamoja na hiki, na kinastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho. Mashine duniani inasoma hali ya kila seli ya msafiri na kuipeleka kwenye sayari ya Mars kwa mawimbi ya redio, ambako mwili mpya unaundwa kwa malighafi mpya. Mashine ya zamani ilikuwa ikiuharibu mwili wa awali. Ile mpya inauacha, lakini inauumiza moyo, na msafiri anaambiwa kuwa atakufa baada ya siku chache. Anazungumza na nakala yake iliyoko Mars, nayo inamfariji kuwa itawapenda mke na watoto wake na itakamilisha kitabu anachokiandika. Tofauti na Charles, nakala hii ina njia: ujumbe ulitoka kwa msafiri, na kila kumbukumbu yake ilisababishwa na aliyoyaona yeye. Wanaokataa kuwa hiyo ni njia ya kutosha wanadai nyama, na sioni nyama inaongeza nini, ikiwa chembe za mwili wenyewe zinabadilishwa maishani mwetu mwote.

Lakini faraja anayopewa msafiri imechelewa. Kabla hajabonyeza kitufe angeweza kusema kwa haki kuwa yajayo ya Mars ni yake, na kwamba moyo utakaosimama duniani hautamaliza kila kitu alichokitaraji. Baada ya kubonyeza, anayezungumza kwenye simu si tena yule aliyesimama mbele ya njia mbili. Ni mmoja wa wawili waliotokana naye, na uhusiano wake na yule wa Mars ni ule wa Charles na Robert, watu waliorithi mambo yale yale kutoka kwa mtu wa tatu. Hakuna kinachopita kutoka kwake kwenda Mars tangu usomaji ulipokamilika. Atakayoyaona katika siku zake chache, maumivu ya kifua na maneno ya mwisho atakayomwambia mkewe, hayatakumbukwa na yeyote. Aliyeingia kwenye mashine amenusurika, kwa upande mmoja angalau, na anayekufa duniani anakufa kifo kamili. Hukumu hizi mbili hazipingani, kwa kuwa zinamhusu mtu wa kabla ya kitufe na mtu wa baada yake.